Waandishi wa kujitolea wa besiboli ya Asia: atafutwe nani, na kwa kazi ipi

Matangazo ya kutafuta waandishi wa kujitolea wa besiboli ya Asia hufanana sana. Wanahitajika watu wanaoupenda mchezo wa Japani, Korea Kusini na Taiwan, wanaoandika vizuri, watakaotuma makala mbili tatu kwa wiki. Malipo hakuna, ila jina lako litasomwa. Watu hujitokeza, huandika kwa bidii msimu unapoanza, na ikifika Juni wamenyamaza. Sioni sababu ya kuwalaumu. Kazi yenyewe ilielezwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu kinachoitwa "besiboli ya Asia" ni mambo mengi yaliyofungwa furushi moja, na hakuna mtu mmoja wa kulibeba, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Tupige hesabu kwanza. Ligi ya Japani, NPB, ina timu 12, na kila timu hucheza mechi 143 katika msimu wa kawaida. Hizo ni mechi 858. KBO ya Korea Kusini ina timu 10 zenye mechi 144 kila moja, yaani mechi 720. CPBL ya Taiwan ina timu 6 zenye mechi 120 kila moja, yaani 360. Jumla ni mechi 1,938, na hapo mechi za mtoano wa mwisho wa msimu hazijahesabiwa. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo wengi wetu tunaona inachosha kuifuatilia yote, ina mechi 380. Besiboli huchezwa karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi vuli, na kwa kawaida Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika.

Halafu kuna saa. Mechi ya jioni Tokyo huanza mnamo saa kumi na mbili. Wakati huo New York ni saa kumi na moja alfajiri, na Los Angeles ni saa nane usiku. Mtu mwenye kazi na watoto anaweza kuamka saa nane usiku kwa ajili ya fainali. Hawezi kufanya hivyo mara sita kwa wiki kwa miezi sita, tena bure.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayekusanya waandishi wa namna hii ni mmoja: usimtafute mwandishi wa besiboli ya Asia, mtafute mtu wa timu moja. Mpe Hiroshima Carp ya Japani peke yake, au Lotte Giants wa Busan, Korea Kusini, peke yao. Hayo mengine yote yanayofuata yanatokana na hapo.

Ili kuona kwa nini, angalia jinsi ligi hizi tatu zinavyotofautiana. Besiboli ya kulipwa ya Japani ilianza kuchezwa kwa mfumo wa ligi mwaka 1936, na tangu 1950 imegawanyika pande mbili, Central na Pacific, leo kila upande ukiwa na timu 6. Timu karibu zote hubeba jina la kampuni inayozimiliki. Yomiuri ni gazeti, Hanshin ni reli, Yakult ni kinywaji, Nippon-Ham ni kampuni ya nyama. Msomaji wa Marekani hushangazwa na jambo hili, akidhani Nippon-Ham Fighters, timu ya Hokkaido, inaitwa wapiganaji wa nyama. Msomaji wa kwetu, aliyekua akiwasikia Mtibwa Sugar na Tusker, hahitaji kuelezwa mara mbili. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba jina hilo lina uzito: mwaka 2004 wamiliki walipoamua kuunganisha timu mbili, Kintetsu ya Osaka na Orix, wachezaji waligoma mwishoni mwa juma moja la Septemba, mgomo wa kwanza katika historia ya ligi hiyo, na matokeo yake kampuni ya Rakuten ikaruhusiwa kuanzisha timu mpya Sendai mwaka 2005. Mwandishi asiyejua habari hiyo hataelewa kwa nini mashabiki wa Osaka wa umri fulani bado wanaitaja Kintetsu kwa uchungu.

KBO ni changa zaidi. Ilianza mwaka 1982 na timu 6, nayo pia ni ligi ya makampuni: Samsung, LG, Doosan, Kia, Hanwha. Lakini ushangiliaji wake hauna mfano Marekani, kila mpigaji akiwa na wimbo wake na uwanja mzima ukiuimba. Tena imekuwa na ujasiri wa kubadilisha mambo. Mwaka 2024 ilikuwa ligi ya kwanza kubwa kuacha mashine iamue kama mpira uliorushwa ni straiki (mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji) au la, na mwaka huohuo idadi ya watazamaji viwanjani ilivuka milioni 10 kwa mara ya kwanza.

Taiwan ni hadithi ya pekee. CPBL ilianza msimu wake wa kwanza mwaka 1990 na timu 4. Ikakua haraka, kisha ikatikiswa na kashfa za upangaji matokeo zilizorudi tena na tena hadi mwishoni mwa miaka ya 2000. Timu zilivunjwa na mashabiki wakakimbia. Kuanzia 1997 ilikuwapo pia ligi pinzani, hadi zilipoungana mwaka 2003. Leo ligi imesimama tena, timu ya sita, TSG Hawks, ikaingia mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo timu ya taifa iliwafunga Wajapani 4 kwa 0 ndani ya Tokyo Dome kwenye fainali ya Premier12, mashindano ya kimataifa ya timu za taifa. Katika kisiwa ambacho noti ya dola 500 ina picha ya watoto wa shule wakishangilia besiboli, ushindi ule ulikuwa zaidi ya michezo. Na hapo mhariri ana uamuzi wa kufanya mapema: kwenye mashindano ya kimataifa timu hiyo husajiliwa kwa jina la Chinese Taipei. Ukiandika hivyo kuna watakaokasirika, na ukiandika Taiwan kuna watakaokasirika. Amua moja, liandike kwenye mwongozo wa waandishi, na mwandishi mpya asiachwe aligundue kwa kutukanwa.

Mtu wa timu moja anakupa nini ambacho mwandishi wa jumla hawezi? Chukua Novemba 2020. NC Dinos walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa KBO katika uwanja wa Gocheok, Seoul, dhidi ya Doosan Bears. Baada ya mrusho wa mwisho, wachezaji walikusanyika, kitambaa cheusi kikavutwa, na nahodha Yang Eui-ji akauchomoa upanga mkubwa na kuuinua juu huku wenzake wakirukaruka kumzunguka. Video ilisambaa duniani kote usiku uleule. Vyombo vingi vilionyesha upanga na kucheka. Aliyekuwa akiifuatilia Dinos kila siku alijua mara moja: timu ni mali ya NCSoft, kampuni ya michezo ya kompyuta, na upanga ule unatoka kwenye mchezo wao maarufu wa Lineage. Sentensi moja tu, lakini bila hiyo msomaji anabaki na kioja. Maarifa ya namna hii hayatafutwi dakika ya mwisho. Ama unaye mtu anayeyajua, ama huna.

Mwaka huo wa 2020 unafundisha pia kuhusu wakati. Viwanja vya dunia nzima vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona. CPBL ikaanza kucheza Aprili, huku Rakuten Monkeys wakiweka midoli na ngoma za roboti kwenye viti vitupu vya Taoyuan. Mei 5 KBO ikafungua msimu, na ESPN ikaanza kurusha mechi zake Marekani, ya kwanza ikianza saa saba usiku kwa saa za New York. Ghafla mamilioni ya watu walitaka kujua Dinos ni nani. Waliokuwa na majibu ni watu waliokuwa wameandika bure kwa miaka bila kusikika, kama Dan Kurtz, aliyeianzisha tovuti ya MyKBO mwaka 2003. Walioanza kukusanya waandishi mwezi ule wa Mei walichelewa. Ligi ya Marekani, MLB, iliporudi Julai, wasomaji wa msimu wakaondoka, na wakabaki walewale waliokuwapo kabla.

Sasa, mtu huyu wa timu moja yuko wapi? Kwa uzoefu wa kusoma kazi za watu hawa, naona wanatoka makundi matatu. Kundi la kwanza ni wageni wanaoishi kule, hasa walimu wa lugha. Japani imekuwa ikiwaleta vijana wa nje kufundisha mashuleni kupitia mpango wa JET tangu 1987, na wengi wao hupelekwa miji midogo ambako timu ya karibu ndiyo burudani ya jioni. Kundi la pili ni watoto wa wahamiaji, Wakorea na Wataiwani waliozaliwa au kukulia ng'ambo, ambao lugha wanaisikia nyumbani na timu wameirithi kwa baba. La tatu ndilo linalosahaulika: mashabiki wanaomfuata mchezaji. Kila timu ya KBO inaruhusiwa wachezaji wachache tu wa kigeni, na kila mmoja wao anakuja na watu wake. Eric Thames alikwenda NC Dinos akiwa mchezaji asiye na nafasi Marekani. Mwaka 2015 alipiga mipira 47 nje ya uwanja, akaiba besi (vituo vya kukimbilia) 40, akawa mchezaji bora wa ligi. Aliporudi Marekani na kupiga mingine 11 mwezi wa kwanza tu wa msimu wa 2017, watu waliokuwa wamemfuatilia Korea ndio pekee ambao hawakushangaa. Mtu wa namna hiyo anaandika vizuri kwa sababu tayari ana swali linalomkereketa.

Lugha ni muhimu lakini si sharti la kila mmoja, na hapa ndipo matangazo mengi hukosea. Kazi inaweza kugawanywa. Chama cha utafiti wa besiboli cha Marekani, SABR, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimechapisha maelfu ya wasifu wa wachezaji ulioandikwa na watu wasiolipwa, na siri yao ni kwamba anayeandika, anayehakiki taarifa na anayehariri ni watu tofauti. Kwenye besiboli ya Asia unaweza kuwa na msomaji wa Kikorea asiyeweza kuandika makala lakini anayeweza kusema kwa dakika tano mkufunzi alisema nini baada ya mechi. Unaweza kuwa na mpenda takwimu asiyejua neno la Kijapani. NPB na KBO zote zina kurasa za Kiingereza zenye matokeo na takwimu. Na unaweza kuwa na mtu ambaye kazi yake ni majina tu.

Majina ni kazi kweli. Herufi zilezile za jina la Kijapani zinaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, na mashine ya kutafsiri hubahatisha. Dawa ni kwenda kwenye ukurasa wa mchezaji katika tovuti ya NPB, ambako matamshi yameandikwa. Kikorea kina ukoo mmoja unaoandikwa Lee, Yi au Rhee kwa herufi za Kilatini, na mchezaji huyohuyo anaitwa Lee Jung-hoo Seoul na Jung Hoo Lee San Francisco. Serikali ya Japani iliamua kwamba kuanzia Januari 2020 nyaraka zake zitaje jina la ukoo kwanza, lakini magazeti mengi ya Kiingereza hayajafuata. Pasipo mtu wa kusimamia jambo hili, mchezaji mmoja atatokea kama watu watatu. Jambo jingine la kuangalia ni hesabu ya mpigaji: hadi 2010 Japani ilitaja straiki kabla ya mipira mibaya (mirusho isiyo straiki), kinyume cha Marekani. Anayesoma ripoti ya mwaka 1985 akakuta 2 kwa 1 lazima ajue ni straiki mbili.

Ukishakuwa na watu, wape kazi inayofaa. Matokeo ya mechi msomaji anayapata bure kwenye simu sekunde ileile. Kumwomba mtu wa kujitolea aandike muhtasari wa mechi ni kumchosha bila faida. Kinachokosekana ni ufafanuzi. Mfano ni namna wachezaji wa Japani wanavyohamia Marekani, jambo ambalo kila Desemba huzua maswali yaleyale.

Mchezaji wa NPB huwa huru kwenda ng'ambo baada ya misimu 9 ya utumishi. Kabla ya hapo klabu yake lazima ikubali kumweka sokoni, na klabu ya Marekani inayompata huilipa klabu ya Japani ada ya ziada, mbali na mshahara wa mchezaji: asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya kiasi kinachobaki. Mrushaji Yoshinobu Yamamoto alisaini na Los Angeles Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 325. Piga hesabu: milioni 5, jumlisha milioni 4.375, jumlisha milioni 41.25. Klabu yake, Orix, ikapata zaidi ya milioni 50. Mwaka mmoja baadaye Roki Sasaki, kijana aliyerusha mechi kamilifu mwaka 2022 bila mpigaji hata mmoja kufika besi, alikwenda Dodgers hao hao. Lakini alikuwa na miaka 23, na walio chini ya 25 hupewa mkataba wa chipukizi. Alipata dola milioni 6.5 za kusaini, na klabu yake, Chiba Lotte ya Japani (si Lotte Giants wa Busan), ikaambulia robo yake. Hapo msomaji anaelewa kwa nini mashabiki wa Lotte walikasirika, na wala hakuhitaji kuona mechi hata moja. Makala kama hiyo huandikwa mara moja na kusomwa kila mwaka, na mwandishi anaiandika Jumapili mchana akiwa macho.

Video ni suala linalowaingiza watu wapya matatani. Korea, tangu haki za mtandaoni zilipochukuliwa na TVING, huduma ya video ya mtandaoni, mwaka 2024, mashabiki wanaruhusiwa kusambaza vipande vifupi visivyofika sekunde 40. Japani mambo ni kinyume. Kanuni zilizoanza 2025 zinakataza kusambaza video ya mpira ukiwa mchezoni, hata kama umeirekodi mwenyewe ukiwa kwenye kiti ulicholipia. Kutazama nako kuna utata: timu sita za Pacific zina huduma ya pamoja, lakini upande wa Central kila timu huuza haki zake kivyake. Kabla ya kumpa mtu timu, mweleze atalipia nini. Kama mradi una senti zozote, zitumike hapo kwanza. Mwandishi asiyelipwa hapaswi pia kujilipia dirisha la kuonea kazi.

Hilo linatufikisha kwenye pesa, na naomba tuseme waziwazi. Kujitolea ni jambo jema pale ambapo hakuna anayefaidika kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2011 kampuni ya mtandao ya AOL iliinunua tovuti ya habari ya Huffington Post kwa dola milioni 315. Waandishi waliokuwa wakiiandikia bure walikwenda mahakamani kudai sehemu yao, na mwaka 2012 kesi ikatupwa, kwa kuwa walikubali tangu mwanzo kuandika bila malipo. Upande wa pili, sheria ya kazi ya Marekani hairuhusu mtu kujitolea kwenye kampuni ya kutafuta faida. Kwa hiyo anayealikwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: tovuti ni ya nani, matangazo yanaingiza pesa kwa nani, na makala zangu zitakuwa mali ya nani nikiondoka. Akikosa majibu, asiandike.

Aangalie pia kamari. Ligi za Asia huchezwa saa ambazo viwanja vya Ulaya na Marekani vimefungwa, na ndiyo maana wachezeshaji wa kamari wanazipenda. Baadhi ya miito ya "waandishi wa besiboli ya Korea" ni ya kutafuta watu wa kutabiri matokeo. Kwa ligi kama ya Taiwan, iliyolipa gharama kubwa kwa sababu ya upangaji matokeo, kuuweka ufahamu wa shabiki kwenye huduma hiyo ni kuwadhulumu wachezaji wa leo.

Na sisi? Sioni kwa nini Kiswahili kisiwe na watu wake humo. Saa kumi na mbili jioni ya Tokyo ni saa sita mchana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mechi inaisha kabla ya alasiri kupoa. Hakuna Mmarekani mwenye nafasi hiyo. Tangu 2014 vijana kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko wamesomea shahada za uzamili Japani kupitia ABE, mpango wa ufadhili wa Japani, na baadhi wamerudi na lugha. Uwanja wa besiboli wa shule ya sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, umepewa jina la Koshien, kama uwanja mkongwe wa Hanshin Tigers ulioanza mwaka 1924. Uganda nayo, watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto. Wapo basi wanaojua besi ya kwanza iko upande gani, na msomaji wao hataki makala iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza cha Mmarekani anayeshangaa kwa nini mechi imeisha sare baada ya awamu 12. Sare tunazijua.

Kwa anayetaka kuanza, mwito utolewe Desemba au Januari, wakati habari za uhamisho zimechangamka na hakuna mechi za kufukuzia. Kila anayejitokeza achague timu moja na aandike maneno 400 akijibu swali moja la timu hiyo: nani anaimiliki, mrushaji wao bora ni nani na kwa nini, msimu uliopita uliwaharibikia wapi. Asiyeweza kuchagua timu aelekezwe kwenye takwimu au uhakiki. Makala moja kila wiki mbili inatosha, na kikao cha wahariri kiwe Jumatatu. Kambi za mazoezi za timu za Japani hufunguliwa Februari 1, nyingi zikiwa Okinawa na Miyazaki. Mwandishi aliyepewa timu yake kufikia hapo ana karibu miezi miwili ya kuzoea majina kabla mpira wa kwanza wa msimu haujarushwa.